Kikohozi Kilichorudi

Yeyote aliyekaa Kindu walau mwaka mmoja anaijua harufu hii. Ni harufu ya nyumba iliyofungwa siku mbili tatu wakati wa mvua: harufu ya sanduku la nguo lililosahauliwa, ya godoro lililolowa, ya ukuta usioona jua. Ukisukuma mlango, yakupokea kabla mwenye nyumba hajakukaribisha. Watu huizoea upesi. Mgeni peke yake ndiye aikunjiaye uso. Naye mwenyeji husema, "Ni unyevu tu, mvua imezidi," kisha humpa mgeni kiti, na mazungumzo yaendelea.

Lakini harufu hiyo si ya maji. Maji safi hayanuki. Ni harufu ya kitu kilicho hai, kinachokula polepole mbao za dirisha, nguo, mikeka, vitabu vya watoto wa shule, hata viatu vya ngozi vilivyowekwa kwa ajili ya Jumapili. Wengine hukiita ukungu, wengine kuvu. Sisi hapa tutakiita kuvu, tusije tukakichanganya na ukungu wa asubuhi utandao juu ya Lualaba, ambao haumdhuru mtu. Makala haya yataka kuonyesha jinsi kuvu iwezavyo kutoka ukutani na kuingia kifuani mwa mtu, na hasa kwa nini habari hiyo yaipasa kila jamaa iliyopata kuuguza mgonjwa wa kifua kikuu.

Tumfikirie mtu mmoja. Hatumpi jina, maana wenye habari kama yake ni wengi. Ni baba wa watoto wanne, labda hufanya kazi bandarini au relini, labda ni mkulima wa ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, haidhuru. Miaka mitatu iliyopita alikohoa, akakonda, akatoka jasho usiku. Makohozi yake yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Akameza dawa miezi 6 bila kukosa, na mkewe ndiye aliyemhesabia vidonge kila asubuhi. Akapona, akanenepa, akarudi kazini. Na sasa kikohozi kimerudi. Anakonda tena, achoka kwa mwendo mdogo tu, na asubuhi moja ametema makohozi yenye damu.

Majirani wasemaje? Wa kwanza asema, "Huyu hakumaliza dawa, alizitupa kwa siri." Wa pili amtazama mke kwa jicho baya. Wa tatu anong'ona kwamba yuko mtu aliyemroga, na jina la mtu huyo, mara nyingi mama mzee asiye na mtetezi, laanza kutajwa kisimani. Hata mwuguzi mwenye kazi nyingi aweza kumwandikia tena dawa zile zile za kwanza bila kungoja majibu ya kipimo. Mgonjwa azimeza miezi 6 mingine, na hali haibadiliki. Nyumbani ametengewa sahani yake na kikombe chake, na watoto wamekatazwa kukaa mkekani pake.

Yawezekana kifua kikuu kimerudi kweli. Jambo hilo hutokea, nalo ndilo la kupimwa kwanza. Lakini yawezekana pia kwamba hakikurudi kabisa. Yawezekana dawa zilifanya kazi yake vizuri, mgonjwa hakudanganya, mkewe hakukosa, mama mzee hakumroga mtu, na kwamba kifuani mwake ameingia mgeni mwingine.

KINYUNYIZIO CHA MAJI YA BARAKA

Kuvu si mnyama wala si mmea. Uyoga tuulao wakati wa mvua ni ndugu yake, na hamira iumuayo mkate vilevile. Tena wako wa jamii hiyo waliotuletea heri kubwa: penisilini, dawa iliyookoa watu wasiohesabika, ilitokana na kuvu iliyoota katika sahani ya daktari Alexander Fleming, London, mwaka 1928. Basi tusiilaani jamii nzima kwa makosa ya baadhi yao.

Kuvu tunayoisema hapa ilipewa jina zamani sana. Mwaka 1729, katika mji wa Firenze, nchi ya Italia, mtaalamu wa mimea aliyeitwa Pier Antonio Micheli alichapisha kitabu kikubwa juu ya mimea na kuvu alizozitazama kwa hadubini. Mmoja katika viumbe hao wadogo alikuwa na kijiti chembamba, na juu yake kichwa cha mviringo, na kichwani hapo nyuzi za mbegu ndogo ndogo zilizotawanyika pande zote kama matone. Micheli akakumbuka kitu ambacho kila Mkatoliki amekiona mkononi mwa padre: kinyunyizio cha maji ya baraka, ambacho kwa Kilatini huitwa aspergillum. Akaiita kuvu ile Aspergillus, na jina hilo ndilo litumikalo hata leo duniani kote. Nasi tuiite kuvu ya kinyunyizio. Ni ajabu kidogo kwamba kitu kinyunyizacho maradhi kiliazima jina la chombo kinyunyizacho baraka, lakini aliyelitoa alitazama umbo tu.

Micheli alifanya jambo jingine lililo kubwa kuliko kutoa jina. Siku zile watu wengi waliamini kwamba kuvu huzuka yenyewe katika kitu kioacho, kama vile moshi hutoka motoni. Yeye alichukua mbegu za kuvu, akazipanda juu ya vipande vya tikiti, akaona kwamba kuvu iliyoota ni ya namna ile ile aliyoipanda. Maana yake ni kwamba kuvu haizuki ukutani kwa sababu ukuta ni mbaya. Mbegu yake imekuja kwa hewa, ikatua, ikangoja maji.

Na mbegu hizo ni nyepesi kupita vumbi la barabarani. Chukua milimita moja, uigawanye vipande elfu. Mbegu moja ya kuvu ya kinyunyizio ina upana wa vipande viwili au vitatu hivi. Ukizipanga ishirini kwa mstari hazizidi unene wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, hutoka kwa kamasi na kupiga chafya. Mbegu hizi hupita hapo zote, zikashuka hadi vifuko vidogo vya mwisho kabisa vya mapafu, mahali hewa ikutanapo na damu.

Msomaji asishtuke. Wataalamu wasema kila mtu, awe Kindu au Paris, huvuta mamia kadhaa ya mbegu hizi kila siku, nyumbani na njiani, bila kujua. Mwili wenye afya una askari wake katika damu na mapafu, nao huzila kabla hazijatoa hata uzi mmoja. Kuvu haina nguvu ya kuvunja mlango. Yatafuta nyumba ambayo mlango wake umekwisha vunjwa na mwingine.

PANGO LISILO NA MWENYEWE

Aliyevunja mlango, kwetu sisi, mara nyingi ni kifua kikuu. Mdudu wa maradhi hayo hula nyama ya pafu kama mchwa alavyo nguzo. Dawa huja, zikamwua mdudu, na mgonjwa hupona kweli. Lakini nguzo iliyoliwa na mchwa haijijazi tena baada ya mchwa kufa. Ndani yake hubaki uwazi. Vivyo hivyo katika mapafu ya baadhi ya waliopona hubaki matundu, mengine makubwa kama yai la kuku, ambayo madaktari huyaita mapango. Pango hilo lina joto, lina unyevu, lapata hewa, na damu iletayo askari haifiki ndani yake. Mbegu ya kuvu ikianguka humo yakuta nyumba nzuri isiyo na mwenyewe.

Hapo huanza kuota polepole, kwa miezi na miaka. Nyuzi zake husokotana, na pengine hufanya donge liwezalo kuonekana katika picha ya kifua, limelala ndani ya pango, likigeuka mgonjwa ageukapo. Pembeni huendelea kuila kuta za pango hata kuifikia mishipa ya damu. Ndiyo sababu ya makohozi mekundu. Kwa wengine damu ni kidogo na huja na kwenda. Kwa wengine hutoka nyingi kwa ghafula, na damu ya namna hiyo yaweza kumwua mtu siku ile ile.

Madaktari waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1890, mabwana watatu wa Paris, Dieulafoy, Chantemesse na Widal, walitoa habari za watu waliofanya kazi ya kunenepesha njiwa. Kazi hiyo ilifanywa hivi: mtu alijaza nafaka na maji kinywani mwake, akaufungua mdomo wa njiwa, akampulizia chakula hicho kooni, kisha akamshika mwingine, siku nzima. Watu hao walikohoa, wakakonda, wakatema damu, na kila aliyewaona alisema ni kifua kikuu. Kumbe katika makohozi yao mlikuwa na kuvu iliyotoka katika nafaka. Mabwana wale wakayaita maradhi hayo kifua kikuu cha uongo. Baadaye yakaonekana pia kwa watu waliochambua nywele za kutengenezea nywele bandia, kwa kuwa walizinyunyizia unga ili kuondoa mafuta, na unga ulikuwa na mbegu za kuvu.

Hapa nawakumbuka akina mama wa Maniema na mpunga wao. Mpunga, kama lugha hii tuisomayo, ulifika kwetu kwa misafara ya wafanya biashara waliotoka pwani ya mashariki katika karne ya 19, nao umekuwa chakula chetu na mali yetu. Gunia lililopatwa na mvua, kisha likafunguliwa baada ya mwezi, hutoa moshi wa kijivu au wa kijani kwenye ungo. Moshi huo si vumbi la makapi. Ni mbegu za kuvu kwa mamilioni. Mama hupepeta akiwa na mtoto mgongoni, na bibi aliyepona kifua kikuu mwaka juzi ameketi karibu akichagua mawe. Mpunga wa namna hiyo usipepetwe ndani ya nyumba, wala mtoto wala mtu mwenye kifua kibovu asiwe karibu, na apepetaye ajifunge kitambaa puani, asimame upande utokako upepo. Ulio na kuvu nyingi usiliwe, ijapokuwa kuutupa kwauma.

Lakini turudi kwa mgonjwa wetu, maana yaweza kuulizwa: je, mambo haya ya Paris yatuhusu sisi? Jibu limetoka karibu. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, wataalamu waliwapima watu 398 waliokwisha tibiwa kifua kikuu cha mapafu. Miaka miwili baadaye waliwapima tena 285 kati yao, wakayatangaza matokeo mwaka 2019. Watu 14 walikuwa na maradhi ya kuvu katika mapafu, yaani karibu 5 katika kila 100. Lakini hesabu ya kutazamwa sana ni nyingine. Kati ya wale ambao picha ya kifua ilionyesha mapango, wenye kuvu walikuwa 26 katika kila 100. Kati ya wale wasio na mapango, hawakufika hata mmoja katika 100.

Basi ikiwa mtu aliyetibiwa ana pango, na kikohozi kimerudi, kumwambia "hukumaliza dawa" ni kumhukumu bila kusikia mashahidi. Nchi yetu ya Kongo ni mojawapo ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani lazihesabu kuwa na mzigo mzito kabisa wa kifua kikuu. Waliopona ni wengi, na wenye makovu ni wengi vilevile. Mwezi wa Oktoba 2022 shirika hilo hilo lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu zinazoyahatarisha maisha ya watu, na aina moja ya kuvu ya kinyunyizio ikawekwa katika daraja la kwanza, pamoja na nyingine tatu tu.

Maradhi hayo hujulikanaje? Kwanza makohozi yapimwe upya, ili ijulikane kama mdudu wa kifua kikuu yupo au hayupo. Kisha ipigwe picha ya kifua. Kisha damu ipimwe, kutafuta zile silaha ambazo mwili hutengeneza kwa kupigana na kuvu hii hasa. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika kanuni nyepesi kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine za gharama kubwa: mgonjwa awe na kikohozi, au kukonda, au damu, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, picha ionyeshe pango au donge, kipimo kionyeshe kuvu, na kifua kikuu kiwe kimetafutwa kisionekane. Mashine kubwa ya kupiga picha za mwili vipande vipande haihitajiwi kwa kila mtu.

Dawa ipo. Yaitwa itrakonazoli, nayo tangu mwaka 2017 imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa kwa miezi 6 kwa uchache, na mara nyingi zaidi. Haijazi pango, lakini huizuia kuvu, na wengi hupata nafuu: kikohozi hupungua, mwili hurudi. Mwenye donge moja tu na mapafu mengine yenye nguvu aweza kupasuliwa likaondolewa. Lakini liko onyo moja ambalo kila mwuza dawa na kila jamaa walijue. Rifampisini, ile dawa nyekundu ya kifua kikuu, huivunja nguvu itrakonazoli mwilini hata ikawa kama mtu amemeza maji. Ndiyo maana dawa hizi hazinunuliwi sokoni kwa kubahatisha, leo hizi na kesho zile.

Tena jambo hili lisemwe wazi kwa ajili ya sahani na kikombe: maradhi ya kuvu hayaambukizi. Hayatoki kwa baba kwenda kwa mtoto. Wala kifua kikuu chenyewe hakipiti katika sahani. Hupita kwa hewa. Mtoto aliyekatazwa mkeka wa baba yake amenyimwa bure.

UKUTA WETU

Sasa tuutazame ukuta. Msomaji asidhani kwamba nasema ukuta fulani ndio ulioleta donge katika kifua fulani. Mbegu za kuvu zimo pia shambani, chini ya majani yaliyooza, katika mbolea na katika nafaka. Walakini nyumba yenye kuvu yaongeza mbegu katika hewa ambayo mgonjwa huvuta usiku kucha, saa nane au tisa, dirisha limefungwa. Na kwa watoto na wenye pumu jambo limekwisha kuchunguzwa: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima juu ya unyevu na kuvu majumbani, likakiri kwamba wakaao katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua, pumu na maradhi ya njia ya hewa.

Wala tusiseme ni habari ya nyumba za maskini wa Afrika peke yake. Huko Rochdale, Uingereza, jamaa moja iliyotoka Sudani iliishi katika nyumba ya kupanga yenye kuvu kuta nzima. Baba alilalamika tangu mwaka 2017. Aliambiwa aipake rangi juu yake. Akapaka, kuvu ikarudi. Wenye nyumba wakadhani makosa ni ya jamaa yenyewe, kwa jinsi walivyopika na kuoga. Mtoto wao, Awaab Ishak, alifariki mwezi wa Desemba 2020, akiwa ametimiza miaka miwili siku chache tu. Mwezi wa Novemba 2022 ofisa wa serikali mwenye kazi ya kuchunguza vifo alitamka kwamba mtoto yule aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyoletwa na kuvu ya nyumbani. Mwaka 2023 bunge la nchi hiyo likatunga sheria ambayo watu huiita kwa jina la mtoto huyo. Na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za kupangisha za jamii wana siku 10 za kazi kwenda kukagua unyevu na kuvu wapewapo habari ya hatari kubwa. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Lakini neno lile la kwanza, "paka rangi juu yake," tunalo sana.

Kindu iko karibu na ikweta, nyuzi 3 kusini yake, katikati ya msitu na kando ya mto mkubwa. Hewa yenyewe imejaa maji. Wazee waliojenga kwa miti na udongo na kuezeka kwa majani walikuwa na dawa yao bila kuiita dawa: moto. Mafiga yalikuwa ndani, moshi ukapanda, ukakausha paa na uchaga wa nafaka uliokuwa juu yake. Na kiambaza kilipitisha hewa. Sitaki kuusifu moshi kupita kiasi, maana nao huyaharibu mapafu ya mama na mtoto, na mama aliyetoa jiko nje amefanya vema. Lakini tulipoutoa moto nje tulisahau kuuliza ni nani atakayeikausha nyumba badala yake.

Tukajenga kwa matofali na mabati. Usiku watu sita hulala katika chumba kimoja, pumzi zao zina maji. Maji hayo hupanda, hukuta bati lililopoa, yakawa matone, yakashuka ukutani. Chini, tofali lisilo na msingi wa mawe hunyonya maji ya ardhi kama utambi unyonyavyo mafuta. Na dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi na mbu. Mwenye kuogopa mbu ana chandarua. Chandarua kikiwekwa vizuri dirisha laweza kukaa wazi, na hewa iingiayo huondoa unyevu na kuupunguza pia mdudu wa kifua kikuu kama yumo nyumbani. Mwenye kuogopa wezi aweza kuacha matundu juu ya ukuta, chini ya paa, pande mbili zielekeanazo, ya upana wa tofali moja. Mwizi hapiti hapo, hewa hupita.

Kuvu iliyokwisha ota haiuawi kwa rangi. Kwanza yatafutwe maji yanakotoka: bati lililotoboka, mfereji uliozibwa na majani, udongo uliorundikana nyuma ya nyumba, mvua inayorukia ukuta kwa sababu paa ni fupi. Ukuta ukifutwa leo na maji yakibaki, baada ya wiki mbili utakuwa mweusi tena. Kisha ukuta uloweshwe kidogo kwa maji ya sabuni ndipo usuguliwe. Asugue mtu mwenye afya, pua imefungwa, madirisha wazi, watoto wako nje. Kuusugua ukuta mkavu ni kuzirusha mbegu zote hewani. Mwenye pumu, na aliyewahi kuugua kifua kikuu, asishike kazi hiyo hata kama ndiye mwenye nyumba na aona haya kuketi. Godoro lililooza ndani halioshwi, hutupwa. Kitu kilicholowa kikianikwa kikakauka katika siku moja au mbili, kuvu haiwahi kuota. Zikipita hizo, imekwisha anza.

Magunia ya mpunga na mihogo mikavu hayafai chumbani mwa kulala. Najua sababu: chumbani ndipo penye usalama. Basi angalau yawekwe juu ya miti, mbali na ukuta shibri moja, na kitanda cha mgonjwa au cha mtoto mwenye pumu kiwe chumba kingine.

Ninyi vijana wa shule mna kazi moja mnayoiweza kuliko wazazi wenu, nayo ni kutunza karatasi. Katika nyumba nyingi cheti cha matibabu ya kifua kikuu hupotea siku mgonjwa aponapo, na picha ya kifua huviringishwa ikawekwa darini, mahali pale pale penye unyevu. Siku kikohozi kirudipo, daktari huuliza: ulitibiwa mwaka gani, kwa dawa gani, makohozi ya mwisho yalionyesha nini, picha ya kwanza iko wapi? Bila hiyo hawezi kujua kama pango ni la zamani au la jana. Wekeni karatasi hizo katika mfuko wa nailoni uliofungwa, pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule. Na mgonjwa aendapo hospitali mwambieni aseme waziwazi, "Niliwahi kutibiwa kifua kikuu, nikapona, naomba nipimwe kwanza kabla ya kupewa dawa tena." Si kumfundisha daktari kazi yake. Ni kumpa habari ambayo hawezi kuiona usoni pa mtu.

Kiangazi chetu ni kifupi, tangu Juni hadi Agosti, na katika wiki hizo kila mtu ana shughuli: shamba la kufyeka, ndoa, safari. Lakini matofali hukauka wakati huo tu. Atakaye kutoboa matundu chini ya paa, kuchimba mfereji nyuma ya nyumba au kuongeza bati moja mbele ya ukuta unaopigwa na mvua, aanze mwezi wa Julai. Kwa maana mwezi wa Septemba mawingu hurudi juu ya Lualaba, na ukuta uliofungiwa maji ndani yake hautakauka tena hadi mwaka mwingine.